Kusoma falsafa, siasa na uchumi kwa pamoja: mwongozo kamili kwa mwanafunzi wa Nairobi

Simama stendi ya Railways saa kumi na mbili jioni, mvua ikianza kunyesha. Asubuhi makanga alikuwa akiita Rongai kwa mia. Sasa ni mia na hamsini, na wala hapazi sauti, maana watu wenyewe wanasukumana mlangoni. Mama mmoja aliyembeba mtoto anamuuliza, "Kijana, si asubuhi ilikuwa mia?" Naye anajibu bila kumtazama, "Mathe, hiyo ilikuwa ya jua."

Jibu hilo lina maswali matatu ndani yake. Kwa nini bei imepanda? Hilo ni la uchumi. Nani kampa makanga uwezo wa kuipandisha, na mbona hakuna wa kumzuia? Hilo ni la siasa. Je, ni haki? Hapo umeingia falsafa. Shahada ninayoieleza hapa inamtaka mtu mmoja ayashike maswali yote matatu bila kumrushia mwenzake lolote.

Oxford ndiko ilikoanzia, mwaka 1920, kwa watu waliotaka kuingia utumishi wa umma bila kwanza kupita kwenye Kigiriki na Kilatini. Wengi huiita PPE, kwa herufi za kwanza za Kiingereza. Hapa Nairobi mara nyingi hutaikuta kwa jina hilo. Utaijenga mwenyewe, na ndiyo maana nimeandika mwongozo huu. Mimi nilisoma uchumi na sayansi ya siasa katika chuo kimoja cha hapa mjini. Falsafa niliiba, kwa kukaa nyuma ya darasa ambalo jina langu halikuwamo kwenye orodha yake.

Kabla ya kuomba: hisabati

Ukiwa bado sekondari, nenda kwanza kwa mwalimu wa hisabati kabla ya yule wa historia. Najua aliyekuvuta kwenye mambo haya huenda ni mwalimu wa historia. Historia na Kiswahili utaendelea kuvipenda bila msaada wa mtu. Kinachowaangusha wanafunzi wa aina yetu ni kalkulasi ya mwaka wa kwanza na takwimu za mwaka wa pili.

Kwa mfumo wa KCSE, shahada inahitaji C+ ya jumla. KUCCPS, shirika linalopanga wanafunzi vyuoni, huangalia pia pointi za klasta: masomo manne yanayohusiana na kozi, upeo wake pointi 48. Kozi za uchumi huweka sharti la hisabati, za sayansi ya siasa na falsafa kwa kawaida huegemea lugha na masomo ya jamii. Ingia kwenye tovuti yao, fungua kozi yenyewe, usome masharti ya somo kwa somo pamoja na pointi za mwisho za mwaka uliopita. Usimtegemee binamu aliyeomba miaka mitano iliyopita.

Kama wewe ni wa mtaala wa CBC, kundi la kwanza liliingia Gredi 10 Januari 2026, na njia ya Sayansi ya Jamii ndiyo itakayokuvuta. Nenda nayo, ila angalia hisabati utakayopewa. Kuna ile kamili ya wanafunzi wa STEM na ile nyepesi ya wengine. Kama shule yako inaruhusu, chukua iliyo kamili. Utalia kidogo sasa, lakini utanishukuru ukikutana na derivativu za kalkulasi.

Na kama ulishamaliza na hisabati yako ni D? Usidanganywe kwamba hakuna njia. Sayansi ya siasa na falsafa zipo wazi, na uchumi utaujifunza pole pole kwa kuanzia vitabu vya kidato cha nne. Ni njia ndefu, na nimewaona watu wawili wakiifikisha mwisho. Nimewaona wengi zaidi wakiiacha katikati.

Kuchagua njia chuoni

Kuna njia tatu zinazotembeka hapa mjini.

Ya kwanza ni kuufanya uchumi kuwa nguzo. Unaomba shahada ya uchumi katika Chuo Kikuu cha Nairobi au Kenyatta, kisha unatumia kila nafasi ya yuniti za hiari kuchukua siasa na falsafa. Ya pili ni shahada ya sanaa yenye masomo mawili makuu, kwa mfano sayansi ya siasa na falsafa, huku uchumi ukiingia kama somo la tatu katika mwaka wa kwanza. Ya tatu ni kozi iliyokwisha kuchanganywa na chuo chenyewe. Strathmore, pale Madaraka, wana shahada inayounganisha masomo ya maendeleo na falsafa. USIU kule Kasarani wana shahada ya uhusiano wa kimataifa. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, Lang'ata, kina mizizi mirefu ya falsafa, na mtaa ule mzima una taasisi za mapadri ambako mantiki hufundishwa kwa ukali usioupata kwingine.

Nikiulizwa, nasema ya kwanza. Sababu ni moja tu: falsafa unaweza kuisoma ukiwa mtu mzima, usiku, ukiwa na subira na rafiki mmoja mbishi. Sijawahi kumwona mtu aliyejifundisha takwimu peke yake akiwa na miaka thelathini, mtoto mgonjwa na kazi ya saa mbili asubuhi hadi kumi na moja jioni. Kuna wanaonipinga, wakisema anayeanza na uchumi huona kila kitu kuwa bei. Wana hoja. Lakini ugonjwa huo una dawa, na dawa yenyewe imo humu mbele.

Kabla hujathibitisha nafasi, nenda idarani ana kwa ana. Usiende kwa ofisi ya udahili, nenda kwa idara, umtafute mratibu wa mwaka wa kwanza, umuulize mambo matatu. Yuniti ngapi za nje ya idara naruhusiwa kwa mwaka? Ratiba ya uchumi inagongana na ya falsafa siku gani? Je, mradi wa mwaka wa nne unaweza kusimamiwa na wahadhiri wa idara mbili? Swali la pili huonekana dogo. Mimi lilinigharimu semesta mbili, kwa sababu nadharia ya maadili na maikro, yaani uchumi wa soko moja moja, zilipangwa zote Jumanne saa nne.

Kuhusu ng'ambo nitasema kidogo. Afrika Kusini kuna shahada yenye jina hilo hilo katika Cape Town, Stellenbosch na Pretoria. Uingereza maombi hupitia UCAS, na Oxford hufunga mapema kuliko vyuo vingi, 15 Oktoba ya mwaka unaotangulia. Ukiwa unangoja matokeo ya KCSE ndipo uanze kufikiria Oxford, mwaka huo umekwisha pita. Usiombe chuo cha nje kisichokuwa na mpango wa ufadhili ulioandikwa. Barua ya kukubaliwa isiyo na pesa ni kitu kizuri cha kumwonyesha shangazi, basi.

Pesa

Kabla ya 2023, mwanafunzi aliyepelekwa na serikali kwenye chuo cha umma alilipa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, nyingine ikabebwa na serikali. Tangu 2023 hesabu imegawanywa mara tatu: ruzuku ya masomo, mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, na sehemu ya familia, kulingana na uwezo wa nyumbani kama ulivyojazwa kwenye fomu. Mfumo huo umepingwa mahakamani, kwa hiyo usipange maisha kwa video ya mwaka jana. Fungua tovuti za HELB na za chuo wiki ile ile unayojaza.

Kusanya karatasi mapema: kitambulisho chako, namba yako ya mtihani, vitambulisho vya wazazi, na cheti cha kifo kama mzazi mmoja hayupo. Maswali ya mapato yajibu kwa ukweli na kwa ukamilifu. Kijana mmoja jirani yetu aliona aibu kuandika kwamba mama yake anauza mboga, akaandika "mfanyabiashara" na kuacha nafasi ya mapato wazi. Akapangwa daraja la watu wenye nacho. Rufaa ilichukua miezi. Mama anauza sukuma? Andika anauza sukuma, na ukadirie anachobaki nacho kwa siku.

Mkopo wa HELB una riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Ni nafuu kuliko mkopo wowote utakaoupata kwenye simu. Anayekopa Fuliza ili asiguse HELB hajaanza kusoma uchumi.

Usajili, na karatasi zako zote

Hapa nitasimulia kisa. Mwaka wa tatu, alama zangu za yuniti moja ya siasa hazikuonekana kwenye mfumo. Mhadhiri akasema aliziwasilisha. Ofisi ikasema haikuzipokea. Mhadhiri akahamia chuo kingine. Karatasi ya mtihani haikupatikana. Nilichookoka nacho ni picha niliyopiga kwa simu siku ya mtihani, ya orodha niliyotia sahihi ya waliohudhuria, na kazi ya darasani iliyokuwa na alama kwa kalamu nyekundu. Bila hivyo viwili ningerudia yuniti hiyo na kuchelewa kuhitimu.

Kwa anayechukua masomo ya idara mbili au tatu hatari hiyo ni kubwa zaidi, maana alama zako zinasafiri kati ya ofisi zisizojuana. Kwa hiyo: kila semesta chapisha fomu ya usajili wa yuniti, igongwe muhuri, iweke kwenye faili. Kila kazi iliyorudishwa usiitupe hadi uvae joho. Alama zikitundikwa ubaoni, zipige picha pamoja na tarehe. Na ukigundua pengo, andika barua ya karatasi yenye nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ujumbe wa WhatsApp kwa mwakilishi wa darasa haumfikishi mtu popote.

Namna ya kusoma uchumi

Turudi stendi. Tuseme sacco moja, chama cha wenye magari, ina abiria 400 kwa siku kwa nauli ya mia. Siku ya jua, bila sababu nyingine, wanapandisha hadi 150. Abiria wanashuka hadi 320. Bei imepanda kwa asilimia 50, abiria wamepungua kwa asilimia 20. Gawa 20 kwa 50, unapata 0.4. Hicho ndicho unyumbufu wa mahitaji, na kwa kuwa ni chini ya 1, mapato yamepanda: kutoka 40,000 hadi 48,000. Abiria themanini wametembea kwa miguu au wamehamia gari la jirani, na sacco imecheka.

Sasa angalia kosa ambalo nusu ya darasa hulifanya. Wakishajua hesabu hiyo, wanaitumia kueleza nauli ya mvua. Haiwezekani. Mvua ikinyesha, wanaotaka gari wameongezeka kwa bei ile ile, kwa sababu waliokuwa watembee hadi Nairobi West hawatembei tena. Mstari mzima wa mahitaji umehama. Na ugavi nao umepungua: Lang'ata Road imejaa, gari lililokuwa likienda mizunguko sita sasa linaenda mitatu. Katika kisa cha kwanza bei ndiyo iliyosababisha abiria wapungue. Katika cha pili bei ni matokeo. Ukiweza kutofautisha kusogea juu ya mstari na kuhama kwa mstari wenyewe, umeshika robo ya maikro.

Uchumi husomwa kwa kalamu. Kila sura, fanya maswali ya mwisho kwa mkono, ukiwa umefunga majibu. Chora michoro mara kumi hadi mkono wenyewe ujue. Undeni kikundi cha watu watatu, si wanane, mkutane mara mbili kwa wiki, kila mtu aje na swali lililomshinda. Asiyekuwa na swali hakusoma.

Kwa makro, yaani uchumi wa nchi nzima, fuata Benki Kuu. Kamati yake ya sera ya fedha hukutana angalau kila miezi miwili kuamua kiwango cha riba. Kabla ya tangazo, andika kwenye daftari unachotabiri na kwa nini. Baada ya tangazo, soma taarifa yao, uone ulipokosea. Mwaka mmoja wa mchezo huo ulinifundisha mengi zaidi kuhusu mfumuko wa bei kuliko mihadhara. Ongeza na kisa cha ukomo wa riba: mwaka 2016 Bunge lilizuia benki kutoza zaidi ya pointi nne juu ya kiwango cha Benki Kuu, na mwishoni mwa 2019 ukomo huo ukaondolewa. Tafuta nani aliyenyimwa mkopo katika miaka hiyo mitatu. Hapo utaona sheria yenye nia njema ikimgeuka mwenye kibanda.

Namna ya kusoma siasa

Somo hili ndilo wanafunzi hulidharau, kwa kuwa kila mtu Nairobi anadhani tayari ana shahada yake. Kuongea siasa kwenye kinyozi na kusoma siasa ni vitu viwili. Kinyozi huuliza nani atashinda. Wewe unauliza kanuni gani zinamfanya ashinde, na zimetoka wapi.

Chukua magari yenyewe ya matatu. Jina ni nauli: mapeni matatu, yaani senti thelathini, ndiyo yaliyotozwa zamani. Yalikuwa magari ya kuvizia hadi 1973, Rais Kenyatta alipotoa amri yaruhusiwe kubeba abiria bila leseni ya kawaida ya magari ya umma. Miaka thelathini baadaye zikaja kanuni za Waziri Michuki, zilizoanza kazi Februari 2004: mikanda, vidhibiti mwendo, mstari wa manjano. Baadaye wenye magari wakalazimishwa kuingia katika sacco au kampuni. Soma mtiririko huo na ujiulize: mbona serikali imegusa mikanda, rangi na leseni, lakini nauli imeiachia stendi? Ukipata jibu la kurasa mbili lenye tarehe na vifungu vya sheria, hiyo ni insha ya siasa. Ukijibu "kwa sababu wanasiasa ndio wenye magari", umerudi kinyozi, hata kama kuna ukweli ndani yake. Lete ushahidi.

Katiba ya 2010 inunue nakala ya karatasi, uitie alama pembeni. Kifungu cha 1 juu ya mamlaka ya wananchi, cha 118 juu ya Bunge kuwa wazi na kushirikisha umma, cha 201 juu ya fedha za umma, cha 203 kinachozipa kaunti 47 angalau asilimia 15 ya mapato. Ukiwa na vifungu hivyo vinne kichwani, matukio ya Juni 2024, waandamanaji walipoingia Bunge tarehe 25 na rais akatangaza kesho yake kwamba hatatia sahihi Mswada wa Fedha, huyasomi tena kama habari tu. Unaona mvutano kati ya 1 na 201 ukitokea barabarani.

Namna ya kusoma falsafa

Kurasa tano kwa saa mbili. Huo ndio mwendo. Aliyekwambia amemaliza kitabu cha falsafa wikendi amekiangalia tu.

Kazi ya kwanza ni kuipasua hoja. Makanga wetu akibanwa atasema: bei iliyokubaliwa kwa hiari na pande mbili ni ya haki, abiria wamekubali 150 kwa hiari, basi 150 ni ya haki. Andika hivyo, sentensi tatu, moja chini ya nyingine. Kisha uliza maswali mawili, kwa mpangilio. Je, hitimisho linafuata kutoka madai mawili ya mwanzo? Ndiyo, ukiyakubali hayo huna pa kutorokea. Hoja ni halali. Je, madai yenyewe ni ya kweli? Hapo ndipo pa kushambulia. Yule mama mwenye mtoto, gizani, mvua ikimpiga, "amekubali kwa hiari" kwa maana gani? Ukisema hakuwa na hiari, sharti ueleze hiari ni nini, na maelezo yako yasije yakafanya kila ununuzi wa dawa hospitalini kuwa unyang'anyi. Ukikaa hapo hadi kichwa kikuume, unafanya falsafa.

Usianze na Wagiriki peke yao. Nairobi ina mila yake. Henry Odera Oruka, aliyeijenga idara ya falsafa katika Chuo Kikuu cha Nairobi na kufariki mwaka 1995, alikwenda vijijini kuwahoji wazee, akitenganisha mzee anayehifadhi hekima ya jamii na mzee anayeihoji. Tofauti hiyo itakufaa kila unapomsikia mtu akisema "kwa mila zetu". John Mbiti naye aliandika juu ya wakati katika fikra za Kiafrika akitumia maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani. Wasomaji wa nje huyasoma kama istilahi. Sisi tunayatumia kwenye stendi kila siku, na kwa hiyo tuna haki ya kumbishia.

Zoezi moja linalounganisha yote

Hii ndiyo dawa niliyoiahidi. Tafuta Waraka wa Kikao Na. 10 wa 1965, ule wa Ujamaa wa Kiafrika na mipango ya Kenya, uliotoka wakati Tom Mboya akiwa waziri wa mipango. Fungua aya ya 133. Inasema, kwa maneno yangu, kwamba ili uchumi mzima ukue haraka, pesa za maendeleo ziwekwe pale zitakapoleta ongezeko kubwa zaidi la uzalishaji. Na inakiri kwamba hilo litayapendelea maeneo yenye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme.

Isome siku ya kwanza kama mchumi. Hoja ina nguvu: shilingi moja Kiambu huenda ilizaa zaidi ya shilingi moja Turkana. Lakini uliza: ilizaa zaidi kwa sababu ya udongo, au kwa sababu barabara ilikuwa tayari imejengwa huko na mkoloni?

Siku ya pili isome kama msomi wa siasa. Nani alikuwa mezani, maeneo yapi hayakuwa na mtu mezani? Julai mwaka huo huo, mchumi Barack Obama, baba wa yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani, aliukosoa waraka katika jarida, akihoji mali itabaki mikononi mwa nani. Kisha ruka miaka 45 hadi kifungu cha 204 cha Katiba, Hazina ya Usawazishaji: nusu ya asilimia moja ya mapato, iende kwenye maji, barabara, afya na umeme wa maeneo yaliyoachwa nyuma. Kifungu hicho ni jibu kwa aya ya 133.

Siku ya tatu isome kama mwanafalsafa. Waraka unadhani jumla ikikua, wote watapata baadaye. Mmarekani John Rawls angeuliza: kama hukujua utazaliwa Kiambu au Turkana, ungeikubali aya hiyo? Jibu "hapana" ni jepesi mno. Jaribu kuitetea kwanza.

Andika kurasa nne. Mimi niliziandika mara tatu, na ya tatu tu ndiyo iliyosomeka.

Mji ni maktaba

Vikao vya Bunge viko wazi. Nenda na kitambulisho, vaa kwa heshima, ukae kwenye roshani ya wageni alasiri moja, kisha usome Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, ya siku hiyo. Utagundua kwamba kelele na hoja haziko mahali pamoja. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931 katikati ya mji, ni ya magazeti ya zamani. Uliza hali ya kufunguliwa kwake kabla ya kupanda gari. Ofisi ya takwimu ya taifa hutoa Ripoti ya Uchumi kila mwaka, bure mtandaoni; jedwali moja kwa wiki latosha.

Na barazani kwa kaunti kukiwa na kikao cha kushirikisha umma kuhusu bajeti, nenda. Kaa nyuma. Hesabu waliozungumza, wanawake wangapi, nani alijibiwa. Nilifanya hivyo Makadara nikatoka na mada ya mradi wangu.

Mradi wa mwaka wa nne

Swali liwe dogo hadi uone aibu. Wanafunzi hutaka "Nafasi ya siasa katika uchumi wa Kenya". Msimamizi mzuri atakurudisha. Mfano wa swali linalofaa: Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi wa 9 Agosti, serikali ilishusha pakiti ya unga ya kilo mbili hadi shilingi 100 kwa ruzuku. Je, katika maduka kumi ya mtaa mmoja unga huo ulipatikana kwa bei hiyo? Hilo la uchumi unalijibu kwa kuwahoji wenye maduka na kuomba risiti zao za zamani. La siasa liko kwenye tarehe zenyewe. La falsafa, kama ruzuku ya muda mfupi kabla ya kura ni msaada au ni kununua ridhaa, linapata sura yake moja. Msimamizi mmoja atakwambia sura ya falsafa uitoe. Mwombe uibakishe kwa kurasa kumi, na uandike vizuri kiasi cha kumfanya ajutie.

Data ikusanye mwenyewe, hata kama ni kidogo. Jina la mwenye duka usiliandike.

Ajira, kwa ufupi

Mafunzo ya kazini yatafute mwaka wa tatu, barua zitoke Februari kama unataka nafasi ya Mei. Jaribu hazina na idara za mipango za kaunti, ofisi za wabunge, mashirika ya utafiti wa sera. KIPPRA, taasisi ya serikali ya utafiti wa sera, wana mpango wa vijana wataalamu kwa waliohitimu. Peleka barua ya ukurasa mmoja na ile insha ya kurasa nne, si cheti cha uongozi wa klabu.

Kwenye mahojiano utaulizwa, "Sasa wewe ni mchumi au ni nani?" Mara ya kwanza nilijieleza dakika tano, nikaona mwenyekiti wa jopo akitazama saa. Mara ya pili niliwaeleza nauli ya Rongai. Mmoja wao alinikatiza kusema anapandia Agip na siku hizi wanatoza mia mbili, wakabishana wenyewe hadi muda wangu ukaisha.